Ada ya kurudi darasani baada ya kupunguzwa kazi: mafao, korosho, kikoba au Bodi ya Mikopo?

Nilipunguzwa kazi nikiwa na miaka 43. Nilikuwa karani wa stoo kwa mkandarasi mmoja hapa Mtwara, kusini mwa Tanzania, kwa miaka 9, na mradi ulipokwisha sisi wa stoo tulikuwa wa kwanza kuitwa ofisini. Cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa na alama zisizonifikisha popote, na kila tangazo la kazi nililosoma lilitaka mtu mwenye cheti cha ununuzi na ugavi, yaani kazi ile ile niliyoifanya miaka yote hiyo. Nikarudi kusoma. Kwanza nilirudia mitihani ya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, kisha nikaingia chuo.

Tangu hapo watu wananijia nyumbani. Amekuja dada aliyekuwa kiwanda cha kubangua korosho Lindi, amekuja kaka aliyekuwa dereva wa mitambo, amekuja mama mwenye miaka 51 anayetaka kumaliza sekondari. Masomo wanayoyataka hayafanani, swali lao ni moja: ada nitoe wapi? Nimeona njia nne ambazo watu wa huku hutumia kweli, na hapa naziweka ubavu kwa ubavu. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Iliyonivusha mimi ingemzamisha jirani yangu.

Vipimo ninavyotumia

Wengi huuliza jambo moja tu: ipi inatoa pesa haraka? Mimi nauliza manne.

Kwanza, pesa inakuja lini. Kozi ndefu za VETA, yaani vyuo vya serikali vya ufundi stadi, huanza Januari. Vyuo vikuu hufungua Oktoba au Novemba. Anayetaka kufanya mtihani wa kidato cha nne kwa kujitegemea hujisajili mwanzoni mwa mwaka, na mtihani wenyewe unakuja Novemba. Pesa ikifika Juni na ada ikadaiwa Januari, miezi ile ya katikati itakuwa imeshaila.

Pili, inakugharimu nini ukihesabu riba na kila unachokiacha. Tatu, ukikwama katikati ya masomo, nani anaumia. Nne, inamfaa mtu wa hali gani.

Kwanza ujue unalipia nini

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi tunapokosea hesabu. Ada yenyewe mara nyingi si mzigo mkubwa kama tunavyoogopa. Kwenye vyuo vya VETA, na vipo Mtwara na Lindi, ada ya kozi ndefu kwa mwanafunzi wa kutwa imekuwa Sh 60,000 kwa mwaka, na bweni Sh 120,000. Juu yake kuna sare, vifaa vya fani na michango midogo midogo. Mtihani wa kidato cha nne kwa mtahiniwa wa kujitegemea umekuwa Sh 50,000, na ule wa maarifa, yaani QT, kwa ambaye hakupita sekondari kabisa, Sh 30,000. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inaendesha masomo ya sekondari kwa watu wa umri wetu. Chuo Kikuu Huria, chenye vituo Mtwara na Lindi, hukuruhusu kusoma huku ukiendelea na shughuli zako, na unalipia kwa kadiri ya masomo unayoyachukua.

Kilicho ghali ni siku. Chukua mtu anayeleta nyumbani Sh 15,000 kwa siku kwa bodaboda au kwa kibarua. Akikaa darasani siku tano, nyumba imekosa Sh 75,000. Wiki moja tu, na tayari imezidi ada ya mwaka mzima ya kutwa ya VETA. Kwa hiyo unapouliza "ada nitoe wapi", ongeza swali la pili: unga, mafuta ya taa na nauli za watoto zitatoka wapi siku ninazokuwa darasani? Njia yoyote kati ya hizi nne inayojibu swali la kwanza na kunyamaza kwa la pili, itakutoa chuoni kabla ya muhula kwisha.

Na kabla hujalipa chochote, kama wewe ni fundi wa miaka mingi, uliza VETA kuhusu kurasimisha ujuzi. Mtu aliyejifunza kuchomelea, kujenga au kupika kazini anapimwa anachokijua na kupewa cheti, bila kuanza upya na vijana waliomaliza shule jana. Mwenzangu mmoja wa karakana alikuwa ameshakopa ada ya miaka miwili ndipo akaambiwa hilo. Iliniuma, kwa sababu hakuna aliyemwambia mapema.

Njia ya kwanza: kiinua mgongo na fao la NSSF

*Inakuja lini.* Kiinua mgongo kinatakiwa kulipwa pamoja na malipo mengine ya mwisho. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10, mradi umefanya kazi angalau miezi 12. Kwa mfano, mshahara wa Sh 520,000 kwa mwezi ni kama Sh 20,000 kwa siku. Siku 7 ni Sh 140,000. Kwa miaka 9 ni Sh 1,260,000. Lakini hakimhusu aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, wala ambaye mkataba wake wa muda maalumu umefika mwisho wake. Kwenye miradi ya gesi na ujenzi huku kwetu wengi wana mikataba ya namna hiyo, hivyo soma wako kabla hujaipangia hiyo pesa.

Fao la upotevu wa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii tunaouchangia tukiwa kazini, ni theluthi ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake. Kwa mshahara ule ule, ni kama Sh 173,000 kwa mwezi.

Sasa niseme yaliyonikuta. Nilipokwenda kuomba fao langu nikapewa taarifa ya michango, karatasi mbili zenye mistari ya miezi. Nikawa naishuka kwa kidole: Machi ipo, Aprili ipo, Mei hakuna, Juni hakuna. Nilihesabu miezi 11 mitupu. Hati zangu za mshahara zilionyesha kila mwezi nimekatwa asilimia 10 yangu. Mwajiri alikata na hakupeleka. Kwa bahati nilikuwa nimetunza hati zote kwenye bahasha moja, nikazipeleka, na mambo yakafuatiliwa hadi yakanyooka, ila ilichukua miezi mitano. Dirisha la usajili wa mitihani lilishafungwa. Tafadhali, omba taarifa yako ya michango leo, hata kama bado uko kazini.

*Inakugharimu nini.* Haina riba. Gharama yake ni kwamba hii ndiyo akiba pekee ya nyumba wakati hakuna mshahara. Ukiitoa yote kwa ada ya mwaka mzima, mtoto akiugua mwezi wa tatu utakopa, na utakopa pabaya.

*Ukikwama.* Unaumia wewe na watu wa nyumbani mwako, basi. Hakuna mdhamini atakayegongewa mlango.

*Inamfaa nani.* Aliyekuwa na ajira rasmi ya miaka kadhaa na anayetaka kozi fupi au ya mwaka mmoja. Mimi ningetumia kiinua mgongo kwa ada na vifaa, na fao la kila mwezi kwa chakula, bila kuchanganya. Lile la kila mwezi linajibu swali la pili, na ndiyo sababu nalipenda kuliko ukubwa wake.

Njia ya pili: korosho, ufuta na kulipa kwa awamu

*Inakuja lini.* Hii ni njia ya kwetu hasa. Minada ya korosho huanza Oktoba na kuendelea hadi karibu na mwisho wa mwaka, na ufuta huuzwa katikati ya mwaka. Ukiangalia kalenda ya masomo, korosho inaelewana vizuri na VETA ya Januari na usajili wa mitihani. Kwa chuo kinachofungua Oktoba inachelewa kidogo, na hapo ndipo unapokwenda kuomba ulipe kwa awamu. Nenda kwa mhasibu mapema, kabla ya kudaiwa, na useme tarehe unayoweza kuitimiza.

Mimi nina mikorosho 60 niliyoachiwa na mama, na mjomba ndiye anayeiangalia huko Tandahimba. Mwaka ule tulipata kilo 430. Nilikwenda mwenyewe AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, siku ya kupima. Tulizimwaga korosho kwenye turubai, tukachambua zilizooza na mawe madogo, tukarudisha guniani, karani akaita kilo kwa sauti huku mjomba akiandika za kwake kwa kalamu kwenye kiganja. Stakabadhi niliiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho cha NIDA. Pesa ilipoingia benki, baada ya makato, nililipa usajili, nikalipa awamu ya kwanza ya chuo, na iliyobaki nikanunua mchele wa miezi miwili.

*Inakugharimu nini.* Haina riba, lakini shamba linataka pesa yake kabla halijakupa ya kwako: kupalilia, na salfa, dawa ya kupulizia ugonjwa wa ubwiriunga, kuanzia Juni. Ukila pesa ya salfa kwa ajili ya ada ya mwaka huu, umekula ada ya mwaka ujao. Tena pesa ya korosho inafika wakati mmoja na harusi, jando na unyago. Ndugu wanajua umelipwa. Ndiyo maana nasema lipa chuo siku ile ile inayoingia, risiti ikujibie.

Kuna jambo moja nalichukia waziwazi: kuuza kangomba. Mtu anadaiwa ada Julai, anamwendea mnunuzi wa mtaani, anapewa pesa kidogo kwa korosho ambazo bado ni maua. Ni kinyume cha sheria, na kwa hesabu ni mkopo mbaya kuliko wowote nitakaoutaja hapa, kwa sababu msimu ukifika unatoa gunia zima kwa bei ya robo.

*Ukikwama.* Bei hupanda na kushuka, mvua hubadilika, na malipo yanaweza kuchelewa. Msimu wa 2018/2019, wanunuzi walipokataa bei na serikali ikaamua kununua kwa Sh 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walisubiri malipo kwa miezi mingi. Aliyekuwa amepanga ada ya Januari kwa pesa ile aliipata wakati darasa limeshakwenda mbali.

*Inamfaa nani.* Mwenye mikorosho au shamba la ufuta tayari, na anayesoma kozi ya zaidi ya mwaka mmoja, kwa sababu msimu unarudi. Aliyezaliwa mjini, asiye na shamba wala mjomba, njia hii haipo kwake, na asianze kununua shamba ili asome.

Njia ya tatu: kikoba au SACCOS

*Inakuja lini.* Kikoba ni kikundi cha watu wanaofahamiana cha kuweka na kukopeshana; SACCOS ni chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Pesa inakuja haraka, kama tayari u mwanachama na umeweka hisa au akiba. SACCOS nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Kikoba hutoa siku ya kikao, mbele ya watu wote, na hiyo ina uzito wake mzuri: wenzako wanajua pesa ni ya ada.

*Inakugharimu nini.* Riba. Ya kikoba inaweza kuwa asilimia 10 kwa mwezi, ila sehemu yake inakurudia siku ya kugawana. Ya SACCOS huwa nafuu zaidi na muda wake ni mrefu. Tofauti kubwa ni kwamba marejesho huanza mara moja, wakati masomo hayajakuletea hata shilingi. Ukikopa Sh 300,000 za mwaka wa kwanza, utaanza kurejesha ukiwa bado unajifunza majina ya vifaa.

Hapa lazima nitaje zile za kausha damu, za wakopeshaji wa mtaani wenye riba kali, kwa sababu watu huziita mikopo na kuziweka fungu moja na kikoba. Si fungu moja. Jirani yangu alichukua Sh 200,000 za kulipia bweni la kozi ya miaka miwili, akatakiwa kurudisha Sh 260,000 ndani ya siku 30. Siku 30 kwa kozi ya miaka miwili! Walichukua televisheni na cherehani, na cherehani ndiyo ilikuwa inalisha nyumba.

Na ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni ya kuendeshea miradi. Ukiipeleka kwenye ada, kikundi kizima kinashindwa kurejesha kwa ajili yako. Lakini mradi wa kikundi ukileta faida, gawio lako ni lako, na hilo unaweza kusomea.

*Ukikwama.* Wanaumia wadhamini wako. Hii ndiyo tofauti yake kubwa na njia mbili za kwanza, na katika mtaa mdogo utakutana nao kila asubuhi kisimani.

*Inamfaa nani.* Mwenye kipato kingine kinachoendelea: genge, mume au mke mwenye mshahara, nyumba ya kupangisha. Na ni nzuri kwa kuziba pengo la miezi miwili au mitatu, kwa mfano kulipa Oktoba huku ukisubiri mnada wa Novemba. Kubebea kozi nzima, hapana.

Njia ya nne: Bodi ya Mikopo

*Inakuja lini.* Hii ni bodi ya serikali inayokopesha wanafunzi wa elimu ya juu. Pesa yake inakuja kwa mwaka wa masomo, baada ya kuomba na kupangiwa. *Inakugharimu nini.* Ni nafuu kuliko mkopo wowote wa mtaani: tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, na ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. *Ukikwama,* deni linabaki jina lako, na halisahauliwi.

*Inamfaa nani.* Hapa wengi wetu tunafungiwa mlango. Miongozo yake imeweka ukomo wa miaka 35 kwa mwombaji, na mkopo umelenga zaidi shahada, pamoja na stashahada za fani chache za kipaumbele. Ukiwa na miaka 31, umepunguzwa kazi na una sifa za kuingia chuo, anza hapa kabla hujagusa mafao yako. Ukiwa na 43 kama mimi wakati ule, usitoe pesa yako kumlipa mtu anayekuahidi kukujazia fomu.

Ukiwa katika hali hii, ningeanza hapa

Una mafao na huna shamba: chagua kozi inayokwisha kabla fao la miezi 6 halijakauka, au ambayo ratiba yake inakuachia siku za kufanya kazi. Tenga pesa ya chakula kwanza.

Una mikorosho na mafao yako ni madogo: lipa kila mwaka kwa msimu wake, linda pesa ya salfa, na weka kikoba kama daraja la kusubiria mnada, si zaidi ya hapo.

Wewe ni mama au baba unayelea peke yako na kila siku inategemea kibarua cha siku hiyo: masomo ya jioni au ya mbali, somo moja moja, yatakufaa kuliko kozi ya kutwa ya bei rahisi. Yule mama wa miaka 51 anasoma hivyo. Anauza samaki asubuhi, saa 10 jioni anakuwa darasani, na anachangia daftari la ada Sh 2,000 kila siku ya soko.

Wewe ni fundi mwenye ujuzi na huna karatasi: kapimwe kwanza. Pengine unahitaji cheti tu, na pesa ya ada ikanunue mashine ya kuchomelea.

Uko chini ya miaka 35 na una sifa za chuo: Bodi kwanza, mafao yako yawe ya kujikimu.

Barua ya kupunguzwa bado unayo mkononi na unahisi haikuwa haki: kabla ya kufikiria ada, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa ndani ya siku 30, na malipo utakayoyapata huko yanaweza kuwa makubwa kuliko njia zote nne. Mwenzangu wa stoo alikwenda siku ya 27, akiwa na barua, mkataba na hati zake za mshahara kwenye bahasha ya kaki. Mwingine alikwenda siku ya 41.